Filta ya Oili Ikikuletea Shida: Soma Dalili, Kisha Pasua Mkebe

Filta ya oili haijulikani kwa rangi ya mkebe wala kwa uzito wake mkononi. Mbili zinaweza kukaa sambamba kwenye rafu ya duka la spea, kimo kimoja, upana mmoja, bei ya moja ikiwa mara tatu ya mwenzake, na tofauti yote imefungiwa ndani. Ndiyo maana injini hulaumiwa kwa kosa la filta, na filta kwa kosa la injini. Hizi hapa ni dalili zinazoletwa gereji kila siku hapa Mombasa, sababu zake, na namna ya kuzitenganisha.

Tuanze na njia ya oili, kwa sababu dalili zote zinatoka hapo. Pampu huisukuma oili iingie kwa vitundu vidogo vilivyozunguka sahani ya filta. Humo huinua mpira mwembamba unaoviziba vitundu kwa ndani, huizunguka karatasi iliyokunjwakunjwa, hupenya hadi kwenye bomba la katikati, kisha hutoka kwa tundu kubwa lenye thredi na kwenda kwenye beringi. Ule mpira ndio valvu inayozuia oili isirudi injini ikizimwa. Kwenye filta nyingi kuna valvu nyingine, ya baipasi, yenye springi: karatasi ikiziba, hufunguka ili injini ipate oili isiyochujwa kuliko kukosa kabisa.

Injini inagonga asubuhi, kisha inatulia

Gari limelala usiku kucha. Unawasha, kwa sekunde mbili tatu unasikia mgongano mkavu juu ya injini, taa ya oili inachelewa kuzimika, halafu kimya. Zima, uwashe tena papo hapo. Kama mlio umetoweka, basi oili ilirudi kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, gari lilipokuwa limelala, na pampu imelazimika kuijaza filta upya kabla ya kufikisha chochote juu.

Wa kushukiwa kwanza ni ule mpira. Aina zake kuu ni mbili. Wa naitrili ni nafuu na hufanya kazi vizuri ukiwa mpya, lakini joto huukausha, na ukishakauka haulali tena bapa juu ya vitundu. Wa silikoni hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi na hubaki laini. Hapa kwetu tofauti hiyo huonekana mapema. Gari linalosubiri feri Likoni mwezi wa Machi, injini ikizunguka taratibu bila upepo wa mwendo wa kuipoza, na hewa yenyewe ishafika nyuzi 32, linaupika mpira huo kila siku.

Silikoni mara nyingi huwa ya rangi ya machungwa au nyekundu, na naitrili nyeusi, ila usinunue kwa rangi, maana naitrili nayo hutiwa rangi. Chukua kijiti kisafi, kipitishe kwenye kitundu cha pembeni, usukume mpira polepole. Unatakiwa uinuke bila shida na urudi wenyewe ukaziba pande zote. Ukiukuta umekunjamana tangu kiwandani, au upande mmoja uko wazi, irudishe filta hiyo kabla hujaondoka kaunta.

Angalia pia filta imekaaje kwenye injini. Iliyosimama mdomo ukiwa juu hubaki na oili yake hata mpira ukiwa mbovu, kwa hiyo mlio hapo una chanzo kingine. Iliyolala ubavu, au iliyopinduliwa mdomo chini kama kwenye Subaru zenye injini ya FB, inautegemea mpira huo kabisa. Filta iliyolala ubavu ukiifungua asubuhi kabla ya kuwasha ukaikuta karibu tupu, umepata jibu. Ukiikuta na oili yake na mlio bado upo, achana na filta. Tazama tenshona, yaani kikaza cheni ya injini, na uulize ni oili ya uzito gani iliyotiwa.

Oili inavuja penye filta

Pangusa kwanza kwa kitambaa, washa injini kwa dakika moja, umulike kwa tochi. Oili inayotoka kwenye kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini, hushuka taratibu na kukusanyika chini ya filta, na filta ikabebeshwa lawama isiyo yake.

Ikianza mara tu baada ya sevisi, na iwe inamwagika badala ya kudondoka, zima injini sasa hivi. Sababu ya kwanza ya kushuku ni gasketi mbili, yaani pete mbili za mpira kati ya filta na bloku ya injini: ya zamani iling'ang'ania kwenye bloku, na fundi akafunga filta mpya juu yake. Kila filta inapotoka, igeuze uone kama gasketi yake imetoka nayo, kisha pitisha kidole kwenye uso wa bloku, mzunguko mzima.

Sababu ya pili ni hatari zaidi kwa kuwa inajificha. Filta nyingi za Toyota, pamoja na ile ndogo ya Probox na Vitz, zina thredi ya 3/4-16 (robo tatu za inchi, thredi 16 kwa kila inchi), yaani kipenyo cha milimita 19.05. Nyingi za Nissan, Honda na Subaru ni M20 x 1.5, milimita 20 kamili. Gasketi zinakaribiana, mikebe inakaribiana, na dukani mazungumzo huenda hivi:

"Mzee, chukua hii, gasketi ni saizi moja na ile yako."

"Thredi je, mwanangu?"

"Itaingia tu."

Na kweli inaingia. Filta ya M20 kwenye shina la milimita 19 (shina ni bomba lenye thredi kwenye bloku ambalo filta hufungwa juu yake) huzunguka kwa ulaini na gasketi inabana vizuri. Lakini thredi zimeshikana kwa ncha tu. Injini baridi ikipigwa resi, shinikizo la oili linaweza kupita psi 60 (psi ni kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba), na filta ikachomoka kwenye shina lake ukiwa juu ya daraja la Nyali. Sampo hukauka kwa muda mfupi sana, na beringi haziwezi kungoja uegeshe. Jipe jaribio hili: funga mizunguko miwili mitatu kabla gasketi haijagusa bloku, kisha itikise filta kushoto na kulia. Ya sawa huwa na mchezo mdogo; isiyo sawa hucheza waziwazi. Filta ya Toyota kwenye shina la M20 haina shida hiyo, kwa sababu hukataa kuanzia mzunguko wa kwanza. Usiilazimishe.

Kukaza kupita kiasi nako huleta uvujaji, kwani gasketi hupondeka na sahani nyembamba hupinda. Paka gasketi oili safi, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu za mzunguko, au fuata maandishi ya mkebe yakisema tofauti. Spana ya cheni ni ya kufungulia.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Filta iliyopoteza boksi na nailoni yake, ikakaa wazi kwenye duka la Mwembe Tayari au Kongowea, hushika kutu kwenye sahani na ndani ya thredi. Kutu ya juu ya mkebe ni ya kuudhi tu. Kutu ya ndani ya tundu la katikati ni jambo jingine kabisa, kwa sababu tundu hilo liko upande wa oili iliyokwisha kuchujwa, na punje ikidondoka humo haipiti tena kwenye karatasi yoyote kabla ya kufika kwenye beringi. Vivyo hivyo kwa wanaopenda kuijaza filta oili kabla ya kuifunga: mimina kwa vitundu vya pembeni, si kwa tundu la katikati.

Mkebe umevimba

Filta ikitoka na tumbo, au sahani yake imesukumwa nje, usimrudie muuza spea kwa ugomvi. Shinikizo la pampu limepanda kupita kiasi kwa sababu valvu ya kupunguza shinikizo, iliyo kwenye pampu au bloku, imekwama. Wengi hudhani baipasi ya filta ingezuia hilo. Haiwezi, kwani hupima tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za karatasi, haina habari na jumla ya shinikizo ndani ya mkebe. Ukifunga filta mpya bila kushughulikia pampu, nayo itavimba.

Taa ya oili inawaka ukisimama na injini ya moto

Hapa filta husingiziwa sana. Swichi nyingi huwasha taa shinikizo likishuka hadi kati ya psi 4 na 7 hivi, na filta iliyoziba peke yake si rahisi ikufikishe huko maadamu baipasi inafunguka. Pima oili kwa kijiti chake kwanza. Kisha fikiria oili nyepesi kuliko inayotakiwa, swichi mbovu, beringi zilizokula, au chujio la sampo lililoziba. Taa ikiwaka gari likiwa mwendoni, egesha uzime, hata kama uko Kibarani na nyuma yako kuna msururu wa malori ya kontena.

Filta inahusika kwa njia mbili. Ya kwanza ni bomba la katikati lililobonyea likaikunja karatasi. Ya pili ni bomba la aina ile isiyotobolewa matundu ya duara bali iliyokatwa vipasuo na kuinuliwa: mashine ya kiwandani isipoinua vizuri, vipasuo hubaki karibu kufungwa. Kabla ya kununua, mulika tundu la katikati kwa tochi ya simu. Uone nafasi za wazi mzunguko mzima, toka juu hadi chini.

Oili inageuka nyeusi upesi

Kwenye dizeli, kama HiAce ya matatu, hili si kosa la filta. Masizi ya dizeli mengi ni madogo kuliko maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na hupita kwenye karatasi ya aina yoyote. Weusi ni oili ikibeba masizi, kazi iliyotengenezewa. Badilisha kwa kilomita, usibadilishe kwa rangi.

Gari halina mkebe, lina elementi

Premio mbili zinaweza kuegeshwa pamoja, sura moja, ile ya 1500 yenye injini ya 1NZ ikitumia filta ya mkebe, na ya 1800 yenye 2ZR, mara nyingi, ikitumia elementi ya karatasi ndani ya kifuniko. Mwambie muuzaji injini, usimwambie jina la gari peke yake.

Uvujaji hapa hutokana karibu kila mara na oringi, pete ya mpira ya kuzibia. Elementi nzuri huja na oringi mpya, na ile kubwa ina mfereji wake kwenye kifuniko. Ikikaa nje ya mfereji, itakatwa. Kifuniko cha Toyota hizi hukazwa kwa nguvu ya 25 Nm kwa spana ya kupima, na kipimo hicho huwa kimeandikwa juu yake. Kosa baya zaidi ni kutupa bomba la ndani pamoja na elementi kuukuu. Bomba hilo ni la kudumu. Bila hilo karatasi haina cha kuishikilia na hubonyea, na oili ikaacha kuchujwa ipasavyo bila dalili yoyote ya nje. Ukinunua gari lililotoka mikononi mwa wengi, fungua kifuniko uhakikishe bomba limo.

Pasua, uone

Sasa kazi yenyewe. Iache filta kuukuu ichuruzike usiku kucha juu ya debe, kisha uikate karibu na mshono wa sahani. Kikatio cha gurudumu ndicho bora. Msumeno wa chuma humwaga unga wa chuma juu ya karatasi, na baadaye hutajua ni wa msumeno au wa injini.

Ukitoa karatasi, usiharakie kuhesabu mikunjo. Anza na gundi. Tazama pale karatasi inapokutana na vifuniko vya ncha zake mbili, na pale miisho miwili ya karatasi inapounganishwa. Gundi iwe imejaa mzunguko mzima, isiwe na mahali pa kuingiza hata kucha. Halafu tazama alama ya springi: je, ilikuwa inaisukuma elementi ikabana sawasawa dhidi ya sahani? Penye mwanya oili hupita hapo, kwani hufuata njia nyepesi. Hata karatasi iwe ya thamani gani, ni sawa na kifumbu kilichotatuka ubavuni: machicha yote yamo kwenye tui.

Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaoikataa filta kwa kuwa tu ncha zake ni za karatasi ngumu badala ya bati. Zipo za bati zilizogundishwa ovyo, na zipo za karatasi ngumu zilizokamata barabara. Gundi ndiyo ya kukaguliwa.

Halafu karatasi. Ile ya kawaida ni selulosi, nyuzi za miti zilizolowekwa utomvu wa kiwandani kisha zikakaushwa kwa joto ili ziwe ngumu. Ikikaushwa vizuri, hubaki imesimama kwenye mikunjo hata baada ya miezi kwenye oili ya moto. Isipokaushwa vizuri hulegea, mikunjo hulaliana upande mmoja, na wakati mwingine huchanika. Maji pia huivimbisha. Gari la safari fupi fupi, kutoka Tudor hadi Ganjoni na kurudi, injini haipati moto wa kutosha kuyafukuza maji yatokanayo na uchomaji wa petroli, na oili hupata utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko. Lipeleke Mtwapa na kurudi, utando ukitoweka, vyema. Usipotoweka na maji ya rejeta yanapungua, tatizo ni gasketi ya hedi.

Nyuzi za selulosi ni nene na hazilingani, kwa hiyo matundu kati yake ni makubwa kwa madogo. Karatasi ya sintetiki, ya poliyesta au nyuzi za kioo, ina nyuzi nyembamba zaidi zinazolingana. Hunasa uchafu ndani ya unene wake badala ya juu tu, hubeba uchafu mwingi kabla ya kuziba, na oili hupita kwa urahisi zaidi. Mara nyingi utaona wavu wa waya mgongoni mwake, kwa kuwa nyuzi hizo peke yake hazina ugumu wa kusimama. Katikati kuna mchanganyiko, selulosi iliyotiwa nyuzi za kioo au poliyesta.

Boksi likiandika "99%" bila maikroni, halijasema kitu. Asilimia 99 ya punje za maikroni 40 ni kazi nyepesi. Kipimo kinachoaminika ni cha ISO 4548-12, na maandishi yake huwa kamili, kwa mfano asilimia 99 kwa maikroni 20. Ukikuta neno beta, beta 2 ni nusu ya punje kunaswa, beta 20 ni asilimia 95, beta 100 ni asilimia 99. Nafasi ya oili kwenye beringi kuu ya gari dogo huwa kama milimita 0.02 hadi 0.05, yaani maikroni 20 hadi 50, na utando wenyewe injini ikifanya kazi huwa mwembamba kuliko hapo. Kwa hiyo tofauti ya maikroni 20 na 40 si ya kupuuzwa.

Ukubwa wa karatasi unaweza kuupima mwenyewe kwa rula. Tuseme mikunjo 50, kina cha kila mkunjo milimita 15, kimo milimita 55. Kila mkunjo una pande mbili, kwa hiyo 50 mara 2 mara 15 mara 55, ni sentimita za mraba 825. Mkebe mwingine wa saizi ile ile wenye mikunjo 30 ya kina hicho una 495 tu, na utaziba mapema. Lakini mikunjo iliyosongamana mpaka inagusana haina faida, oili haipati pa kupita kati yake.

Baipasi nayo si moja kwa magari yote. Filta nyingi hufunguka kati ya psi 8 na 16, ilhali injini za Subaru za EJ zinataka takriban psi 23. Ukiifungia Subaru hiyo filta ya psi 10, itafunguka mara kwa mara na kupitisha oili isiyochujwa, hata thredi na gasketi zikikubali.

Ya kununua ni ipi? Kwa gari la mjini linalobadilishwa oili kila kilomita 5,000, mchanganyiko wenye gundi nzuri na mpira wa silikoni unatosha. Pesa za ziada afadhali ziende kwenye oili. Sintetiki kamili inalipa kwa gari la masafa, linalopanda Nairobi na kushuka, karibu kilomita 480 kila upande, likiwa na oili ya sintetiki inayoachwa hadi kilomita 10,000. Kuifunga sintetiki kisha kuisahau mwaka mzima kwa kuwa ilikuwa ghali ni hasara mbili.

Unachokuta kwenye mikunjo

Kamua karatasi kati ya vibao viwili ndani ya jiriwa, uitandaze juani, upitishe sumaku. Kinachoshikwa ni chuma: cheni, kamu, ringi. Kinachong'aa kijivu na kisichoshikwa ni alumini, ya pistoni au ya tabaka la beringi. Rangi ya shaba ni beringi iliyokwisha kula tabaka la juu, au bushi. Vumbi jembamba la kumeta kwenye injini iliyofanyiwa ovahaul hivi karibuni ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha si vya kawaida.

Kuna kitu kingine ambacho magari yetu hutoa sana: nyuzi za mpira laini, nyekundu, kijivu au nyeusi. Hiyo ni silikoni ya kugundishia sampo, iliyopakwa kwa wingi hadi ikabanwa kuingia ndani. Uliyoikuta kwenye filta imepita pampu tayari. Iliyo kubwa zaidi imekwama kwenye chujio la sampo, na hapo ndipo ile taa ya oili ya injini ya moto inapopata maelezo yake. Shusha sampo, safisha chujio, na safari hii ipakwe mstari mwembamba.